Ukija Houston kwa harusi: pa kwenda, na nani atakupeleka

Kuanzia mwezi wa tano simu za watu wa Houston hazitulii. Binamu anaoa, rafiki wa Columbus anakuja kwenye sendofu, shangazi wa London amepata miadi kwa daktari bingwa. Wanafika Ijumaa, wanalala Katy, ukumbi uko Stafford, nyama choma ya Jumapili iko Spring, na usiku wanapanda ndege kurudi kwao wakisema: "Houston tumeiona. Barabara tu."

Siwalaumu. Kwa ratiba hiyo wamekaa garini zaidi ya maili 100, na kila waliposhuka ilikuwa nyumbani kwa mtu, ukumbini, au kituo cha mafuta. Lakini mimi nimekulia hapa, na inaniuma. Houston ina mambo, ila haikuonyeshi kama hujui pa kuegesha gari. Tulipoligusia hili kwenye kipindi, wengi mliuliza: basi twende wapi? Haya, kaeni. Na kwa kuwa jibu la "wapi" hapa haliwezi kutenganishwa na swali la "nani ana gari", nitayajibu yote mawili.

Kwanza ukubwa, maana watu hawauamini. Chukua ardhi ya mji wa Houston peke yake, ukiacha Katy, Sugar Land, Pasadena na vitongoji vingine vyote vyenye mameya wao. Inakaribiana na kisiwa kizima cha Unguja, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi. Humo wanakaa watu kama milioni 2.3, mji wa nne kwa watu wengi Marekani. Halafu Houston haina ile sheria ya kugawa ardhi inayosema hapa makazi, hapa biashara. Wapiga kura waliikataa mwaka 1948, wakaikataa 1962, wakaikataa tena 1993. Ndiyo maana utakuta ghorofa la ofisi, kanisa, gereji ya matairi na nyumba ya bibi mmoja vimekaa safu moja, hakuna anayemshangaa mwenzake. Wazazi wetu waliotoka Dar hawakuona ajabu yoyote.

Ramani yake ishike hivi: kuna barabara za mzunguko kama pete, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ni Loop 610, maili kama 38. Ya kati ni Beltway 8, ambayo sehemu kubwa ni ya kulipia. Ya nje kabisa ni Grand Parkway, nayo haijakamilika mzunguko. Halafu kuna barabara kuu zinazotoka katikati kama njiti za gurudumu: 10 kwenda mashariki na magharibi, 45 kwenda Galveston upande mmoja na Dallas upande mwingine, 59 kwenda kusini magharibi, 290, 288. (59 siku hizi inaitwa pia 69. Mwenyeji hakuiti hivyo.) Mtu wa Houston ukimuuliza anakaa wapi atakutajia makutano: "Beltway na Bissonnet." Ukimuuliza ni mbali kiasi gani atakujibu kwa dakika, na kabla ya kujibu atatazama saa.

Kanuni yangu ni moja tu: siku moja, upande mmoja. Usipange chakula cha mchana kusini magharibi na jioni kaskazini. Na siku ya kazi usivuke mji kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni. Nimehesabu kwa Kiswahili hapo, jamani. Simu yako itaandika 3:00 mpaka 7:00.

Anza kusini magharibi

Vitabu vya wageni vitakuambia uanzie Downtown. Mimi nakuambia anza kusini magharibi, nje kidogo ya Loop, kwa sababu Houston ya leo inaishi huko, na sisi tuko huko.

Hillcroft ndio mlango. Kipande cha pale, karibu na 59, tangu 2010 kinaitwa rasmi Mahatma Gandhi District, na utaona vibao vyake barabarani. Kuna maduka ya dhahabu, ya nguo za harusi, ya viungo, na mikahawa ya Kihindi na Kipakistani. Mama yangu akiingia pale huwa haamini kwamba si Mtaa wa Indira Gandhi, Dar. Ukienda, usitangulize Kiingereza. Houston ina familia nyingi za Kihindi zilizotoka Tanganyika, Kenya na Uganda, wengine walifukuzwa na Amin mwaka 1972, na wazee wao wana Kiswahili kizuri kuliko changu na chako. Nimeshawahi kukosea ngeli mbele ya mzee mmoja aliyekuwa anapima iliki, akanisahihisha taratibu, kisha akaniongezea iliki.

Ukitoka Hillcroft, shika Bellaire Boulevard kuelekea magharibi. Usiharakishe, hii ni barabara ya kuendesha polepole. Maili baada ya maili utaona majengo marefu ya maduka, ghorofa moja au mbili, maegesho mbele, mabango kwa Kichina, Kivietinamu, Kihispania. Hata vibao vya majina ya mitaa vina Kichina chini ya Kiingereza. Kabla yake Chinatown ilikuwa mashariki ya Downtown. Watu walihamia huku kufuata nafasi na maegesho ya bei nafuu, na kila kundi lililofika baadaye likaongeza lake. Mgeni akitazama toka barabarani anaona jengo lililochakaa na gari sabini. Hiyo ndiyo siri ya mji huu: mlango mbaya, chakula kizuri. Ingia pale penye magari mengi na watoto wanaolia. Agiza supu ya tambi ya Kivietinamu ile ya mfupa uliochemka usiku kucha. Anayekula supu ya makongoro hahitaji kufundishwa.

Kusini yake kidogo iko Bissonnet, na karibu na Beltway ndiyo Naijeria. Sitanii: Houston ni moja ya makao makubwa ya Wanaijeria Marekani, na sisi wengine tumepanda mgongoni kwao. Unga mweupe, mafuta ya mawese, mihogo, majani ya mihogo yaliyogandishwa, samaki wakavu, mbuzi wa kukatiwa na ngozi yake, vyote tunavipata kwa sababu wao walitangulia kufungua maduka. Mkongomani anaingia humo akitafuta sombe, Mtanzania anatafuta kisamvu, wanakutana kwenye friji lileile wakishika pakiti ileile. Nakushauri uende Jumamosi mchana, utasikia Kiswahili cha namna tatu kabla hujafika kwenye mzani.

Mji bila usukani

Sasa rudi karibu na Loop, mtaa unaitwa Gulfton. Hakuna makumbusho wala mnara, na siamini katika kwenda kuwatazama watu kwao kama wanyama wa Mikumi. Lakini huwezi kuielewa Houston bila kujua Gulfton ni nini, na uwezekano ni mkubwa kwamba una ndugu au rafiki wa ndugu anayekaa pale.

Yale majengo ya fleti yalijengwa miaka ya 1960 na 1970, wakati mafuta yana bei na vijana wazungu wanamiminika kufanya kazi. Yalikuwa na mabwawa ya kuogelea na matangazo ya starehe. Miaka ya 1980 bei ya mafuta ikaanguka, vijana wakaondoka, wenye nyumba wakashusha kodi ili wapate mtu yeyote. Wakaja watu wa El Salvador, Guatemala, Mexico. Leo ni moja ya sehemu zenye msongamano mkubwa wa watu Houston nzima, na miaka ya karibuni wamekuja Waafghani, na wamekuja wa kwetu: familia za Kongo zilizokaa miaka Nyarugusu au kambi za Burundi na Uganda, zikapewa hifadhi Marekani, zikapangiwa Texas.

Wamefika kwenye mji ambao umejengwa kwa imani kwamba kila mtu mzima ana gari. Kazi wanayoipata iko ghalani, maili 20 huko. Basi halifiki, au linafika saa moja baada ya zamu kuanza. Kwa hiyo hutokea mtu mmoja mwenye gari kubwa anayezunguka saa kumi alfajiri akikusanya wenzake, kila mmoja anachangia mafuta kwa wiki. Gari likiharibika, watu saba wamekosa kazi siku hiyo. Siku ukimtembelea mtu pale, usimuulize "mbona hujaona NASA bado?" Muulize kama ana safari ya kwenda dukani, na kama unalo gari, mpeleke.

Nasema hivi kwa sababu najua nyumba ilivyo ndani. Wazazi wangu walikuja kutoka Tanga, baba akiwa mwanafunzi. Baba aliendesha, mama hakuwahi kuchukua leseni. Alijaribu, aliogopa zile barabara za kuingilia ambako lori linakuja kwa kasi na wewe hujapata nafasi, akaacha. Tulikaa fleti karibu na Bissonnet. Mwanamke aliyekuwa anatoka Ngamiani mpaka sokoni kwa miguu, akisalimia watu arobaini njiani, alikaa miaka akisubiri mtu arudi kazini ndipo apelekwe kununua vitunguu. Hakuwa mgonjwa wala hakukatazwa na mtu. Sokoni kulikuwa maili tatu, barabara ya njia nane, na njia ya waenda kwa miguu inaishia kwenye nyasi.

Nilipata leseni nikiwa na miaka 16, ruhusa ndogo ile ya Texas. Wiki hiyohiyo nikawa dereva wa ukoo. Msikitini, kliniki, kwa mama fulani aliyejifungua, uwanja wa ndege, ukumbini na masufuria ya pilau yamefungwa kwa mkanda kiti cha nyuma. Watoto wengi wa kizazi chetu hapa Kiswahili chetu tumejifunzia garini. Mama na marafiki zake nyuma wanazungumza mambo ambayo wangejua unasikiliza wasingeyasema, na wewe mbele macho yako yako kwenye foleni. Ukikutana na kijana wa Houston anayejua msamiati wote wa ndoa na talaka lakini hajui jina la tunda lolote, umeshajua alikuwa dereva.

Kwa hiyo ushauri kwa wageni, na huu ni wa moyoni: kila safari unayoomba hapa ni saa za mtu. "Nipitie tu" inaweza kuwa saa moja na nusu kwenda na kurudi. Yule anayekuja kukuchukua huenda ametoka zamu ya usiku hospitali. Toa mafuta bila kuombwa. Kama mko watatu, changeni mkodi gari. Jueni tu kwamba chini ya miaka 25 kampuni nyingi huongeza ada, na kwamba barabara za kulipia hupiga picha namba ya gari, kisha kampuni inakutumia bili yenye nyongeza yake. Weka programu ya ramani ikwepe barabara za kulipia mpaka ujue unafanya nini.

Siku moja bila gari

Inawezekana, lakini ni upande mmoja tu. Treni ya mjini, mstari mwekundu, ilianza Januari 2004. Inapita Downtown, Midtown, eneo la makumbusho, bustani ya Hermann, halafu Texas Medical Center, kisha uwanja wa NRG. Nauli ni dola 1.25. Kama umekuja na shangazi kwa matibabu, tafadhali tafuta malazi kando ya mstari huu, usikubali kulazwa Katy eti kwa sababu kuna chumba cha bure. Texas Medical Center ndilo eneo kubwa kuliko yote duniani la hospitali zilizokaa pamoja, lina minara yake kama mji kamili, na kuegesha gari humo ni gharama na ni safari nyingine. Mgonjwa anayetoka tiba ya saratani hahitaji saa nzima ya I-10.

Na yule anayemsindikiza naye ni mtu. Vituo viwili vya treni kaskazini yake kuna bustani ya Hermann: kuna kivuli, bwawa, bata, watoto. Kaa hapo saa moja. Kama unaweza kuongeza mwendo, Menil Collection iko mtaa wa Montrose, ni bure tangu ilipofunguliwa 1987, ina chumba cha sanaa za Afrika, na wala haikuchoshi, unaimaliza kabla miguu haijalalamika. Jirani yake kuna Rothko Chapel, nayo bure. Humo mna michoro mikubwa myeusimyeusi na ukimya. Dada yangu alisema amelipa kodi ya Marekani miaka kumi na hakuwahi kupata ukimya wa namna ile.

Downtown yenyewe wengi huiona tupu wakadhani watu wamehama. Wako chini. Kuna njia za chini ya ardhi za maili zaidi ya sita, zinazounganisha majengo, zenye mikahawa, vinyozi na maduka ya dawa, zote na kiyoyozi. Wafanyakazi wa ofisi hushuka humo mchana wa Julai kama panya buku. Nenda siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili zimefungwa. Na ukiwa juu, kumbuka kwamba ni kwenye mji huu, tarehe 28 Aprili 1967, Muhammad Ali aliitwa jina ajiunge na jeshi, akakataa kusogea hatua mbele. Wakamnyang'anya ubingwa. Akaurudisha Kinshasa mwaka 1974, na hiyo habari kama una baba wa Kikongo umeshaisikia mara mia.

Jioni, kama kuna mtu wa kukusogeza, nenda daraja la Waugh kwenye Buffalo Bayou. Chini ya lile daraja wanaishi popo kwa maelfu kwa maelfu, na jua likizama wanatoka kama moshi. Ni bure, na watoto wanapiga kelele vizuri sana. Karibu na hapo, Allen Parkway, kuna kituo kipya cha Waismaili kilichofunguliwa 2025, na bustani zake. Wale wazee wa iliki niliowataja, wengi wao ni jamaa za hapo.

Wards

Zamani mji uligawanywa kwa wards sita. Mgawanyo ulishakufa kisheria lakini majina yalibaki, na kwa Wamarekani weusi wa Houston jina la ward ni kama kabila. Third Ward ndiko alikokulia Beyoncé, na ndiko alikokulia George Floyd. Chuo cha Texas Southern kiko hapo, ndicho kilichomleta baba.

Ukifika, anza na Emancipation Park. Mwaka 1872, miaka saba tu baada ya kuachwa huru, watu waliokuwa watumwa walichanga pesa wakanunua eka 10 ili wawe na mahali pao pa kusherehekea siku ya uhuru wao. Watu ambao juzi walikuwa wanauzwa, wananunua ardhi. Baadaye, enzi za ubaguzi, kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa bustani ya umma pekee ya Houston iliyowaruhusu. Halafu simama ukingoni upande wa magharibi, usikilize. Ule mngurumo ni barabara kuu. Third Ward ilikatwa na barabara kuu, Fifth Ward ilikatwa mara mbili, na Freedmen's Town kule Fourth Ward, ambako wakazi wenyewe waliweka matofali barabarani kwa mikono, imebaki kipande. Na hayajaisha: upanuzi wa 45 unaoendelea sasa ulipangwa kuondoa zaidi ya makazi 1,000. Kwa hiyo unapokimbia 59 ukifurahia kwamba leo hakuna foleni, chini ya tairi palikuwa na vibaraza vya watu.

Umbali wa vitalu vichache kuna Project Row Houses, nyumba ndogondogo za mbao zilizopangwa mstari, ambazo wasanii walizichukua mwaka 1993 badala ya kuziacha zibomolewe. Unatembea toka nyumba hadi nyumba. Ile ni miguu, eh! Houston! Furahia.

Magharibi, kaskazini, na Galleria

Galleria nitaimaliza kwa sentensi moja: ni maduka, yako ndani, kuna uwanja wa barafu wa kuteleza, bibi harusi atataka kwenda, nenda naye.

Katy ndiko watu wetu wanakohamia wakishapata watoto na mkopo wa nyumba. Kufika huko utapita kipande cha I-10 ambacho kilipanuliwa mpaka, ukihesabu na barabara za pembeni, njia 26. Kazi ilimalizika 2008, na ndani ya miaka michache foleni ikarudi, pana zaidi tu. Usiku ukiwa pekee yako ni kama uwanja wa ndege.

Kuna jambo moja la magharibi ambalo mwenyeji wako huenda asikuambie, hasa kama anakushawishi uhamie. Zipo beseni mbili kubwa za kuzuia mafuriko, Addicks na Barker. Siku za kawaida ni nyasi, njia za baiskeli, kulungu. Kimbunga Harvey kilipotua Agosti 2017 mvua ilinyesha siku kadhaa, beseni zikajaa, wahandisi wa jeshi wakafungua milango ili kuta zisishindwe, na maji yakaingia majumbani upande wa chini. Upande wa juu napo kulikuwa na nyumba zilizojengwa ndani kabisa ya eneo linalotakiwa kujaa maji, na wengi waliozinunua hawakuwa wamejua. Nilibeba makapeti ya watu wiki mbili mwaka ule. Kama unakuja kutalii tu, hii ikuhusu kwa namna moja: msimu wa vimbunga ni Juni mpaka Novemba, na harusi zetu nyingi ziko humohumo. Julai 2024 Beryl alipopita, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, kwenye joto lile la kuoga kabla hujakauka. Ukiambiwa maji yamejaa chini ya daraja, usijaribu kuvuka eti gari ni la kukodi.

Kaskazini, Spring na The Woodlands, kuna miti mingi na barabara zilizofichwa vizuri. Ni pazuri kwa anayekaa. Kwa mgeni wa siku mbili, nenda tu kama kuna nyama choma.

Mashariki kuna mafuta

Wengi hawaendi mashariki kwa sababu ya harufu. Mfereji wa meli ulifunguliwa 1914, na kandokando yake kuelekea Pasadena kuna viwanda vya kusafisha mafuta na kemikali, mabomba na mataa, usiku vinang'aa kama sikukuu ya nani sijui. Ile ndiyo iliyolipia maghorofa ya Downtown, na wakazi wa huko, wengi Wameksiko, ndio wanaovuta hewa yake. Pita angalau mara moja na vioo vimefungwa.

NASA iko kusini mashariki, Clear Lake, maili kama 25 toka katikati. Tenga siku nzima. Kile chumba walichoongozea safari ya mwezini mwaka 1969 kimerudishwa kama kilivyokuwa, mpaka vikombe vya kahawa na trei za majivu ya sigara, na roketi ya Saturn V imelazwa ndani ya jengo, unatembea pembeni yake dakika nzima haiishi. Tiketi si rahisi, kwa hiyo usiwapeleke watoto waliochoka na harusi.

Ukishafika hapo umeshavuka nusu ya njia ya Galveston, basi malizia. Ndiko jenerali wa jeshi la Muungano alikotangaza tarehe 19 Juni 1865 kwamba watumwa wa Texas wako huru, na sikukuu ya Juneteenth inatoka hapo. Bahari yenyewe, niwe mkweli, ni ya rangi ya chai ya maziwa. Mtoto wa Tanga ataicheka. Mama huicheka kila mwaka, kisha anavua viatu, anapandisha gauni mpaka magotini, anaingia, na sisi tunabaki ufukweni na funguo za gari tukitazama saa, maana Jumapili jioni kurudi na 45 ukichelewa kuondoka ni saa mbili, na ndege yenu inaondokea Bush, kaskazini kabisa, sio Hobby. Angalieni tiketi kabla hamjaagiza samaki.